Machozi ya Mgeni Rasmi

Palikuwa na nchi. Iko wapi, msiniulize, maana wenyewe hawapendi kutajwa na mimi sipendi kuitwa kituoni. Nitasema tu kwamba ilikuwa nchi kamili, yenye bendera, wimbo, na Wizara ya Maji na Sinema. Zamani wizara hizo zilikuwa mbili. Kamati ya kubana matumizi ikaziunganisha, kwa hoja kwamba maji na sinema vyote ni vitu ambavyo raia huvisubiri kwenye foleni, na foleni moja inatosha.

Waziri wake aliitwa Mheshimiwa Fumbwe. Upande wa sinema aliupenda kupita kiasi. Upande wa maji aliukumbuka akishikwa na kiu.

Katika nchi hiyo msimu wa tuzo za filamu haukuwa mchezo. Ukianza, mahakama zilifungwa, hospitali zilipunguza wagonjwa, na watoto wa shule walikaririshwa majina ya wateuliwa badala ya jedwali la kuzidisha. Tuzo ya Mhariri Bora ilikwenda kila mwaka kwa Bodi ya Ukaguzi, kwa sababu hakuna aliyekata filamu nyingi kuliko wao, na kusema kweli walistahili. Palikuwa pia na Tuzo ya Kuigiza Umeridhika. Hiyo ushindani wake ulikuwa mkali mno, maana washiriki walikuwa nchi nzima.

Na sheria ilisema wazi: filamu isiyoteuliwa na Jopo la Wahakiki haionyeshwi popote. Inapelekwa bohari ya taifa kupumzika. Kuna filamu zilizopumzika huko mpaka watengenezaji wake nao wakapumzika, Mungu awarehemu.

Sasa katika nchi hiyo alikuwepo mwanamke mmoja aitwaye Salha, mtengeneza filamu, mzaliwa wa mji wa Ndolela. Yeye hakuwa na haja ya kuridhisha nchi. Alikuwa na haja ya kumridhisha mama yake, na wenye mama wa aina ile watanielewa kwamba nchi ingekuwa rahisi zaidi.

Mama huyo ni Bi. Mwanamvua, mtu wa maneno. Si maneno ya umbea, la. Maneno ya kumsimamisha mtu mzima njiani akajiuliza kama kweli alilelewa. Na maneno yote hayo alikuwa amemwekea mtu mmoja tu, Mheshimiwa Fumbwe. Maana kabla ya kuwa waziri, Fumbwe alikuwa diwani wa Ndolela, na alipokuwa diwani aliazima pampu ya maji ya mji akaipeleka makao makuu. Aliomba siku chache tu, ili chemchemi ya mapambo mbele ya Kasri la Sinema iruke vizuri siku ya ufunguzi. Chemchemi ikaruka. Watu wakapiga makofi. Diwani akapandishwa cheo, na pampu haikurudi. Tangu hapo watu wa Ndolela wanateremka bondeni na ndoo, wanapanga foleni kwenye kisima kimoja, wanapandisha tena.

Bi. Mwanamvua alisema kwenye mkutano wa hadhara. Katibu akaandika kwamba mama mmoja alitoa pongezi. Akasema kwenye redio, wakampigia muziki juu ya maneno. Basi Salha alipokuja likizo na kamera yake, mama alifunga kanga vizuri akasimama mbele ya ile foleni ya ndoo.

"Washa hiyo mashine," alisema. "Si anapenda sinema? Basi nitamwambia kwenye sinema. Huko atatazama, hana pa kukimbilia."

"Mama, ukimtaja jina watanifunga."

"Watufunge wote. Nasikia jela maji yapo."

Ndivyo ilivyopatikana filamu iitwayo *Pampu ya Ndolela*. Ilikuwa na foleni ndefu, tena ndefu kwelikweli, na katikati yake Bi. Mwanamvua anampa Fumbwe vidonge vyake, kimoja kimoja, bila maji ya kumezea.

*

Mnaweza kujiuliza ilipitaje Bodi ya Ukaguzi. Ilipita kihalali kabisa. Bodi ile haikutazama filamu, ilikata kwa rula: kipande cha mwanzo na kipande cha mwisho, kila filamu sawasawa, asionewe mtu. Bi. Mwanamvua alikuwa katikati, akabaki mzima.

Likabaki Jopo. Siku ya kuoneshwa mbele ya Jopo, Salha aliingia Kasri la Sinema. Alipita kando ya ile chemchemi inayoruka, akaisikia pampu ya kwao ikinguruma chini ya marumaru, akaumia. Alijua mambo mawili. Filamu ikikataliwa, maneno ya mama yatazikwa bohari. Ikitazamwa vizuri, yeye ndiye atakayezikwa. Na bado alitaka itazamwe, maana mama alimwambia asirudi bila jibu.

Basi akapelekwa kwenye chumba cha mtambo, juu nyuma ya ukumbi, akae na fundi. Watengeneza filamu hawakuruhusiwa kukaa ukumbini kwa sababu walikuwa na tabia ya kutazama.

Hapo lazima niwaeleze mila ya nchi ile, nanyi msicheke, kwani kwenu hamna mambo yenu? Itifaki ilikuwa na kanuni iliyo juu ya kanuni zote: raia asimpe mgongo Mgeni Rasmi. Mgeni Rasmi wa sinema siku zote ni Mheshimiwa Fumbwe, na anakaa nyuma kabisa, kwenye kiti kirefu, kama inavyompasa mtu aonaye mbali. Wahakiki wanakaa mbele. Wakikaa kama mimi na wewe tunavyokaa sinema, watampa mgongo. Kwa hiyo viti vyao vimegeuzwa. Wanamtazama Mheshimiwa, na sinema inaendelea huko nyuma ya visogo vyao.

Kanuni ya pili inakataza kupaza sauti mbele ya Mgeni Rasmi. Filamu nazo hazikusamehewa. Zilioneshwa bubu, na bendi ya magereza ikapiga taratibu pembeni.

Wahakiki walifanyaje kazi basi? Walihakiki uso. Mheshimiwa akitabasamu, filamu ni ya kuchekesha. Akikunja kipaji, ina mgogoro mzito. Akisinzia, wanaandika "ina utulivu wa kina usio na mfano katika ukanda wetu". Mwenyekiti wao, Profesa Njechele, alikuwa ameandika kitabu kinene kuhusu nyusi za Mheshimiwa peke yake, na cha mashavu kilikuwa njiani.

Salha alichungulia kwenye kidirisha cha mtambo. Wahakiki aliwaona nyuso, Mheshimiwa alimwona kisogo. Na kile kisogo kilimshangaza. Kilikuwa kimeinama.

"Fundi," alinong'ona, "mbona Mheshimiwa hatazami sinema?"

Fundi Makwega alikuwa mtu mnene, mtaratibu, hana hili wala lile. Alikuwa amekaa chini anamenya vitunguu vya kachumbari yake ya mchana.

"Atatazamaje, dada, na yeye si mtaalamu? Anawatazama wataalamu. Wakicheka, anacheka."

"Lakini wataalamu wanamtazama yeye!"

"Ndiyo."

"Sasa nani anatazama sinema?"

Makwega aliliwaza hilo swali kwa heshima. "Mimi zamani nilikuwa natazama," alisema. "Macho yakaanza kuniuma, nikaacha. Mwaka fulani nilisahau kufungua kifuniko cha lenzi. Filamu nzima ikawa giza tupu. Ikapata Tuzo ya Upigaji Picha."

"Lo! Na tuzo nyingine je, zinatokea wapi?"

"Zinatokea tu. Juzi hapa Profesa alipaliwa na karanga. Mheshimiwa akamwona ametoa macho, naye akashtuka. Wenzake walipomwona Mheshimiwa ameshtuka, wakapiga ukelele. Ikawa filamu bora ya kutisha." Makwega akakata kitunguu. "Ilikuwa video ya harusi."

Salha alishika kichwa. Kule mbele, mama yake alikuwa amejaa kwenye pazia, mdomo unakwenda, kidole kinakwenda, anamsema mtu aliye palepale, na yule mtu anamtazama Profesa Njechele. Profesa anamtazama yeye. Nyuso zote zimekauka kama ugali wa jana. Na uso mkavu mwisho wake ni bohari.

Mara mhakiki mmoja akajifuta jicho.

Salha akatazama juu. Feni kubwa ya chumba cha mtambo ilikuwa inavuta hewa kutoka walipo, inaipitisha juu ya kiti cha Mheshimiwa, inaitua kwa wahakiki. Akatazama chini, kwenye sahani ya Makwega.

"Kaka Makwega," alisema kwa sauti ya upole ambayo hata mama yake hakuwahi kuisikia, "una vitunguu vingine?"

"Vipo. Hivi vyekundu, vikali hivi."

"Tukate vyote."

Wakakata. Wallahi walikata kama wana wageni wa harusi. Salha aliinua sahani akaishikilia mbele ya feni, mwenyewe analia machozi na anacheka. Kule chini mhakiki wa kwanza akajipangusa, wa pili akavuta kamasi, Profesa Njechele akatoa leso. Mheshimiwa Fumbwe alipoona wataalamu wanalia, akajua papo hapo kwamba filamu ni ya kuhuzunisha, naye asingekubali kuonekana hana moyo. Akajiminya, akatoa chozi. Wahakiki walipoona chozi la Mheshimiwa, si wakaangua kilio! Mmoja akamkumbatia mwenzake. Mmoja akaita marehemu bibi yake. Bendi ya magereza haikuelewa kitu, ikapiga wimbo wa mazishi kwa tahadhari.

*

*Pampu ya Ndolela* iliteuliwa kwa tuzo zote. Nasema zote. Iliteuliwa kwa Mwigizaji Bora wa Kiume, na ndani yake hamkuwa na mwanamume. Iliteuliwa kwa Ngoma Bora, na ndani yake hamkuwa na ngoma. Wenye filamu nyingine walilalamika kidogo, kwa kunong'ona, wakaambiwa kunong'ona ni karibu na kupaza sauti.

Siku ya tuzo zulia jekundu lilitandikwa kuanzia chemchemi mpaka jukwaani. Profesa Njechele alisimama kusoma tamko la Jopo, na miwani yake ilikuwa imefutwa maalumu kwa kazi hiyo.

"Waheshimiwa, mabibi na mabwana! Tangu taifa hili lijaliwe kuwa na macho, halijapata kulia namna hii. Chozi la kwanza lilitoka jicho la kulia, ambalo ni jicho la uzalendo. La pili lilifuata kwa nidhamu. Jopo linasadiki kwamba katika filamu hii mtengenezaji ametumia lugha ya picha kwa umahiri mkubwa, katika sehemu zote ambazo alitumia picha."

Ukumbi ukalipuka makofi. Salha akapanda jukwaani kupokea sanamu ya Filamu Bora, na Mheshimiwa Fumbwe mwenyewe akamkabidhi, akamwinamia sikioni.

"Nililia sana, binti. Hasa pale... pale."

"Pale wapi, Mheshimiwa?"

"Palepale," alisema Mheshimiwa, akapiga picha.

Salha akashuka na sanamu kwapani, moyo umemvunjika. Watu wanampongeza, yeye anaona aibu. Ameshinda nchi nzima na hakuna mtu hata mmoja aliyesikia neno lolote la mama yake. Alikwenda kukaa ukingoni mwa chemchemi, akampigia simu.

"Mama, tumeshinda."

"Amesema nini?"

"Amelia, mama."

"Amelia!" Bi. Mwanamvua alipiga kigelegele kilichomtoboa Salha sikio. "Kilimwingia kidonge kipi? Kile cha ndevu au kile cha kuoga?"

Salha akashindwa kudanganya. Akaeleza yote, viti vilivyogeuzwa, bendi, vitunguu.

"Kwa hiyo," alisema mama, "maneno yote yale nilikuwa nayaambia vitunguu."

"Samahani, mama."

"Na sasa?"

"Sasa desturi ni kwamba filamu iliyoshinda inaoneshwa nyumbani kwa mshindi. Waziri atakuja mwenyewe. Jumamosi mchana, kwenye ghala la pamba. Lakini itakuwa vilevile, mama. Watawageuzia viti, mtakaa mnamtazama yeye, yeye atawatazama nyinyi. Hata wewe hutajiona."

"Anakuja hapa? Ndolela?"

"Ndiyo."

"Mwache aje," alisema Bi. Mwanamvua, akakata simu.

*

Mkuu wa Itifaki, Bwana Tindwa, alitangulia Ndolela asubuhi na lori la viti. Alikuwa kijana mwembamba aliyepigwa pasi, yeye na suti yake. Ghala la pamba lilikuwa limezibwa madirisha kwa maturubai, pazia limetundikwa, Makwega amefunga mtambo wake. Bwana Tindwa akaweka kiti kirefu cha Mheshimiwa nyuma, akaanza kugeuza mabenchi ya wananchi yampe uso.

Bi. Mwanamvua alikuja akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mwanangu, unafanya nini?"

"Shikamoo mama. Napanga itifaki."

"Marahaba. Mgeni wetu unamweka mgongo wazi?"

"Mgongo wazi?"

"Ebo! Hukufundishwa? Sisi huku mgeni wa heshima hakai mgongo wazi. Wenyeji wanakaa nyuma yake, wanamfunika, ajue yuko kwao. Anayekaa mbele ya mgeni anamkodolea macho ni mtu anayemdai." Alishusha sauti. "Unataka kumwonesha Mheshimiwa kwamba mji mzima unamdai?"

Bwana Tindwa alitoka jasho. Hiyo mila ya Ndolela ilikuwa ya kweli, msidhani aliitunga, tena Fumbwe aliyekuwa diwani pale aliijua vizuri. Bwana Tindwa akafungua kanuni akasoma juu, akasoma chini. Kanuni ilikataza raia kumpa mgongo Mheshimiwa. Haikusema kitu kama Mheshimiwa ndiye anayewapa mgongo raia. Kusema kweli hilo lilionekana ni jambo la kawaida la kiserikali.

"Sawa, mama. Wananchi nyuma. Lakini wahakiki lazima wakae mbele yake."

"Wale nao si wageni?"

"Ni wageni."

"Basi nao tutawafunika migongo. Waweke msitari mmoja naye, kulia kwake. Kushoto kwake nakaa mimi, ndimi mwenyeji. Mbele asikae mtu. Mbele kuna nini? Kuna pazia tu, na pazia halimdai."

Salha alikuwa amesimama kando, mdomo wazi. Alimjua mama yake miaka yote ya uhai wake, na bado alipigwa na butwaa.

*

Mheshimiwa alifika mchana na msafara wake. Alishangiliwa, akapungia, akakaa. Wahakiki wakakaa kulia kwake kwa msitari, Profesa Njechele wa kwanza. Bi. Mwanamvua akakaa kushoto na kanga mpya. Nyuma yao Ndolela nzima ikajaa mpaka ukutani.

Bendi ya magereza nayo ilikuja. Kabla ya kuanza wapiga tarumbeta waliomba maji ya kunywa. Wakaoneshwa foleni bondeni, wakaambiwa wapange. Wakawa bado huko.

Basi taa zikazimwa, mtambo ukaanza.

Mheshimiwa Fumbwe alitafuta nyuso. Mbele hapakuwa na uso. Akageuza shingo kulia, akakuta Profesa amegeuza shingo kushoto anamtafuta yeye, wakagongana macho, wote wawili hawana kitu. Akageuka mbele tena. Hakukuwa na kitu kingine cha kutazama. Ndipo Mheshimiwa Waziri wa Maji na Sinema akaanza kutazama sinema, kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe. Salha alimwona toka kwenye mtambo alipokaa na Makwega.

Kwenye pazia alitokea Bi. Mwanamvua, mkubwa kama nyumba. Mdomo ukaanza kwenda, bila sauti. Na palepale, kushoto kwa Mheshimiwa, sauti ndogo ya upole ikaanza kusema sikioni mwake, sawasawa na ule mdomo.

"Fumbwe. Fumbwe wa Ndolela. Usijitie hunijui."

Mheshimiwa aliruka kidogo kwenye kiti.

Bwana Tindwa alinyanyuka nusu. Bi. Mwanamvua akamtazama. "Nimepaza sauti?" aliuliza taratibu. Bwana Tindwa akafikiri. Hakuwa amepaza. Akakaa.

"Pampu uliyoiazima kwa siku chache," aliendelea, na sasa hakuwa peke yake. Maneno yale watu wa Ndolela waliyajua kwa moyo, walikuwa wanayasikia kwenye foleni kila asubuhi. Wakaanza kuyasema naye, chinichini, ghala zima, bila kupaza. "Mtoto aliyezaliwa siku ulipoichukua leo ana ndevu, na bado anabeba ndoo. Kuazima kwa namna hiyo huku kwetu kuna jina lake, na wewe unalijua. Ukiona chemchemi yako inaruka huko mjini, Fumbwe, ujue yale ni maji yangu ya kuoga yanarukaruka mbele za watu."

Hapo kwenye maji ya kuoga huwa wanacheka. Hawawezi kujizuia, hata awe nani. Ghala likaangua kicheko.

Mheshimiwa aliposikia kicheko nyuma yake alipata nafuu kubwa. Nyuso hizo! Akageuka haraka, akaona watu wanacheka, naye akafanya alichozoea maisha yake yote. Akacheka. Wahakiki wakamwona anacheka, wakacheka mpaka wakashikana mabega, Profesa akaandika "vichekesho vya hali ya juu".

"Umecheka nini, baba?" aliuliza Bi. Mwanamvua.

Kicheko cha Mheshimiwa kikabaki mdomoni. Alimtazama yeye, akatazama watu, wakawa wameacha kucheka wote. Walikuwa wanamngoja. Akazunguka uso huu na uso huu akitafuta afanye nini, na hakuna hata mmoja aliyemsaidia.

"Geuka mbele," alisema Bi. Mwanamvua. "Bado haijaisha."

Akageuka. Kwenye pazia sasa ilikuwa ile foleni. Makwega aliniapia kwamba kwa muda wote wa kazi yake hajaona foleni iliyopita polepole vile. Ndoo, ndoo, dumu, beseni, mtoto mgongoni, ndoo. Hakuna aliyemwambia Mheshimiwa ahisi nini. Katikati ya foleni alisimama bibi kizee ameegemea fimbo, dumu miguuni, anapangusa jasho kwa ncha ya mtandio.

Mheshimiwa Fumbwe aliinuka kwenye kiti.

"Yule... yule si shangazi?"

"Ndiye. Yuko nyuma yako hapo, mwamkie."

Waziri aligeuka. Shangazi yake alikuwa kwenye benchi la tatu, na lile dumu lilikuwa miguuni mwake, kwa sababu alitoka moja kwa moja kisimani asikose nafasi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Pampu yetu haijambo huko?"

Hakuna aliyecheka. Uso wa Mheshimiwa ukafanya jambo. Mashavu yalishuka, nyusi zikaenda mahali ambapo hazijawahi kwenda, masikio yakawa mekundu. Profesa Njechele alimtazama kwa hofu. Akakumbuka kitabu chake sura kwa sura, uso ule haukuwemo. Wenzake wakamnong'oneza, "Profesa, ni kitu gani hicho? Tuandike nini?" Kalamu imesimama hewani, msomi mzima anataka kulia bila kitunguu.

Bi. Mwanamvua akamwonea huruma.

"Andika pampu irudi," alimwambia.

Profesa akashusha pumzi. Akaandika.

*

Kesho yake uhakiki ulitoka kwenye magazeti yote ya nchi ile, ukurasa wa mbele, maneno mawili tu chini ya jina la Jopo: *Pampu irudi*. Na kwa kuwa sheria ilitamka kwamba maoni ya Jopo ni hisia za Mheshimiwa, na hisia za Mheshimiwa ni agizo, mafundi walikuwa wameshaingia chini ya marumaru kabla ya chai ya saa nne. Mheshimiwa aliposikia hakukanusha. Wengine wanasema aliona haya kwa sababu ya shangazi. Mimi sijui ya moyoni mwake, ila pampu ilirudi Ndolela juu ya lori, imeviringishwa kwa zulia jekundu. Raia wa makao makuu walielezwa kwamba chemchemi yao imeteuliwa kuwania Tuzo ya Utulivu. Profesa Njechele naye alijipatia Tuzo ya Uhakiki Bora kwa yale maneno mawili, akayatolea kitabu.

Siku maji yalipotoka bombani, Salha alimkuta mama yake uani anaosha miguu kwa fujo, anamwaga ovyo, makusudi kabisa. Akakaa kwenye kigoda karibu naye. Kulikuwa na jambo linamkera tangu Jumamosi, na alikuwa amengoja sana mama aliseme mwenyewe.

"Mama, hujaniambia. Umejionaje kwenye filamu?"

"Filamu ipi?"

"Mama! Filamu yangu! Ulivyojaa kwenye lile pazia, watu wote wanakutazama!"

"Ah," alisema Bi. Mwanamvua, akajimwagia kata nyingine ya maji. "Sikuitazama, mwanangu. Foleni ile naiona kila siku tangu uko darasa la pili, nitazame tena ya nini? Mimi nilikuwa namtazama Fumbwe. Uso wake akiona aibu nilikuwa sijauona."